Kesi ya Deni Ikilala

Msikilizaji, wengi huamini kwamba kesi ya deni ikishafunguliwa, kazi iliyobaki ni ya mahakama. Sheria ya Kenya haisemi hivyo. Agizo la 17 la kanuni za kesi za madai za mwaka 2010 linairuhusu mahakama kumtaka mdai ajieleze iwapo mwaka mzima umepita bila hatua yoyote. Asiporidhisha, kesi hufutwa. Kuna atakayesema: si atafungua nyingine? Huenda, lakini madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, na deni la zamani pengine limeshaupita. Mdaiwa naye asidhani kimya ni msamaha: akilipa sehemu, au akilikiri deni kwa maandishi yenye sahihi, miaka hiyo huanza kuhesabiwa upya. Basi mdai, nenda masjala, kagua faili, omba tarehe.