Mali Bila Daftari: Tumkabidhi Nani Kompyuta ya Chama?

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wazee wenzangu tuliosoma hapa, na ninyi vijana mnaokalia leo madawati yaliyokuwa yetu:

Sisi tulijisomea jioni kwa taa ya karabai, na habari za kompyuta tulizisikia redioni tu. Mwaka 1974, nikiwa kidato cha pili, Serikali yetu ilipiga marufuku kuziingiza nchini. Leo hata chama cha kuzikana hakikosi moja. Ndiyo maana Mwenyekiti ameniomba nijibu swali hili: chama kidogo kama chetu kikodishe watu wa nje wa kutunza kompyuta zake, au kijitegemee? Sina shahada ya mambo hayo. Nitakachowapa ni kosa langu mwenyewe na mafunzo niliyoyapata.

Mimi ni mweka hazina wa chama kidogo cha hiari kinachowasaidia yatima wa sekondari kwa sare, nauli na mahitaji ya bweni. Ofisi yetu ni chumba kimoja. Zamani kompyuta zilitunzwa na kijana wa mwanachama mwenzetu, bila malipo. Alifanya kazi nzuri: aliandika orodha ya watoto, akafungua barua pepe, akasajili anwani ya mtandao. Lakini aliisajili kwa jina lake, na maneno ya siri yalikuwa kichwani mwake. Akapata kazi mbali, akabadili namba ya simu.

Desemba moja diski ilikufa. Nikauliza, nakala iko wapi? Ilikuwa ndani ya kompyuta ile ile. Ni sawa na kuficha ufunguo wa akiba ndani ya nyumba uliyoifunga.

Watoto walikuwa 41, na shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki tatu. Tulipekua stakabadhi na ujumbe wa fedha za simu hata tukapata majina 38. Wawili waliletwa na walezi wao. Wa mwisho alikuja bibi yake mwezi Februari. Mvulana alikuwa amekaa nyumbani majuma manne. Yule bibi hakunitukana. Aliniuliza tu, "Baba, jina la mjukuu wangu mlilifuta?" Sikuwa na jibu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi ndiye niliyekuwa na daftari. Kijana hakukosa, aliyekosa ni mimi niliyepokea msaada bila kuuwekea utaratibu.

Baada ya hapo tulikodi kampuni ndogo ya mjini. Wajumbe walilalamika kwamba tunatumia fedha za yatima. Nikawajibu: mbona mkaguzi wa hesabu tunamlipa kila mwaka, wala hatumwajiri? Chama kidogo hakina kazi ya kumshughulisha mtaalamu mwezi mzima. Kinahitaji saa chache za ujuzi wa namna mbalimbali: leo mtandao, kesho barua pepe, keshokutwa ulinzi. Kwa mfano, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza usaidizi wa kawaida wa Windows 10. Katika chama kisicho na fundi, nani angejua kwamba mlango wake umebaki bila mlinzi?

Lakini, ndugu zangu, kukodi fundi si kulala usingizi. Mwaka 2020 Blackbaud, kampuni ya Marekani inayotunza orodha za wafadhili wa vyama na vyuo vingi, ilivamiwa na wezi wa mtandao, nayo ikawalipa. Iligundua mwezi Mei. Wateja wakaarifiwa Julai. Oktoba 2023 ilikubali kuyalipa majimbo ya Marekani dola milioni 49.5. Hata wakubwa hawakusalimika. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi wamezifikia taarifa za watu zaidi ya 515,000, wakiwamo waliotenganishwa na jamaa zao kwa vita na maafa. Waliingia Novemba 2021 kupitia kasoro ya programu ambayo haikuzibwa kwa wakati. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hapa kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Chama kinachokusanya majina ya watu hakiwezi kusema, "Mwulizeni fundi." Kazi unaweza kuikabidhi, dhamana hubaki kwako.

Kwa hiyo mkataba wetu una mambo matano. Kwanza, anwani ya mtandao na akaunti zote ni kwa jina la chama, na maneno ya siri makuu yako katika bahasha mbili zilizofungwa, moja kwa mwenyekiti na moja kwangu. Pili, nakala ni tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikikaa nje ya ofisi. Na kila miezi mitatu tunajaribu kuirudisha. Mara ya kwanza tulipojaribu, nusu ya orodha haikurudi. Lakini tuliligundua hilo mwezi Juni, si Desemba. Tatu, imeandikwa ni baada ya saa ngapi fundi atafika akiitwa. Nne, wameandikwa wanaoruhusiwa kuona majina ya watoto, na kampuni itatuarifu mara moja ikigundua uvamizi. Tano, siku ya kuachana kampuni itarudisha kila kitu katika hali tunayoweza kuisoma, na kufuta kilichobaki kwake.

Vijana, nanyi nawaambia: kazi hii haitaki wajuzi wa mitambo peke yao. Inataka mtu anayeandika alichofanya, ili akiondoka mwingine aendelee. Yule kijana wetu hakupungukiwa na akili. Alipungukiwa na ukurasa mmoja wa maelezo. Ukiombwa kusaidia chama, saidia kwa moyo, lakini uache na ukurasa huo.

Wazee wenzangu, mchana huu tutapiga kura iwapo daftari la wanachama wetu likabidhiwe kampuni. Mimi nitanyoosha mkono kukubali, kwa masharti hayo matano, na nitaomba tuwachague wanachama wawili, mmoja wao awe amemaliza shule karibuni, waelewe kila kinachofanyika. Tusimkodi mtu kwa kazi ambayo hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuiuliza swali.

Yule mvulana alirudi shule na akamaliza kidato cha nne. Hata hivyo, kila tunapojaribu kurudisha nakala, jina lake ndilo ninalolitafuta kwanza.