Anayekatwa na Anayetamka: Kodi ya Nyumba Kutoka Mabatini



Niliomba mhadhara huu wa uprofesa ufanyike hapa Mabatini, jijini Mwanza, na nawashukuru wakuu wa chuo kwa kunikubalia. Somo langu ni fedha za umma, na mimi fedha za umma nilizijulia hapa hapa, kabla sijajua kuwa kuna somo la namna hiyo. Jina la kata yetu limebeba mabati. Mabati yale yamefunika vyumba vilivyobanana kuanzia kingo za Mto Mirongo hadi juu kwenye miamba, ambako maji ya ndoo yanapandishwa kichwani na jeneza linateremshwa kwa mabega ya vijana sita. Nyumba nyingi ni za kupangisha: vyumba vitano au sita, ua mmoja, choo kimoja, mita moja ya umeme.

Nataka tuanzie kwenye hiyo mita.

Mwezi unapoanza, mpangaji wa kwanza kuona umeme umeisha huchangisha wenzake, wananunua umeme wa LUKU kwa simu, na kabla uniti hazijahesabiwa zinakatwa shilingi 1,500. Ndiyo kodi ya jengo. Mfumo huu ulianza Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ukapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Kisheria mlipaji ni mwenye nyumba. Serikali ilisema tangu mwanzo kwamba mpangaji aliyekatwa azungumze na mwenye nyumba wake, warudishiane kwenye pango. Wazee wangu, ninyi mnajua mazungumzo hayo yanavyokuwa. Mama anayekaanga samaki kibarazani na kulala chumba cha uani hatagombana na mwenye nyumba kwa shilingi 300 za mchango wake. Anameza. Kodi ya mwenye mali inalipwa na asiye na mali, mwezi baada ya mwezi, na kwenye daftari la Hazina inasomeka kwamba mwenye nyumba amelipa.

Mtaniambia ni fedha ndogo. Kiasi ni kidogo, nakubali. Ninachoomba mkitazame ni namna ya kutoza. Kodi hii haina fomu ya kujaza wala afisa wa kuombwa muda. Anayetaka kupinga hapewi nafasi ya kufanya hivyo kabla ya kulipa: asipolipa, mtoto hasomi usiku. Serikali haimwamini mtu wa Mabatini kwa neno lake, wala haihitaji neno lake, kwa sababu imeshika swichi.

Sasa twende Capri Point, mwendo wa dakika chache kwa bajaji. Nyumba ya chini iliyotandazwa juu ya kiwanja kinachotazama ziwa, yenye geti la umeme, bustani na vyumba saba vya kulala, inalipa kiasi gani? Shilingi 1,500 kwa mwezi. Ghorofa ndizo zenye kiwango kingine, 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Nyumba isiyo ghorofa, iwe kasri au iwe vyumba viwili vya tofali za kuchoma, iko kwenye fungu moja. Haikuwa hivi zamani. Sheria ya mwaka 1983 iliyozipa mamlaka za miji kodi ya majengo ilitaka nyumba ithaminiwe, na aliyejenga cha thamani alipe zaidi. Uthamini ulikuwa wa kusuasua, wathamini wachache, na nyumba nyingi hazikufikiwa kabisa. Niliwahi kuandika juu ya udhaifu huo. Lakini dawa iliyotumika ilikuwa kuiacha haki yenyewe. Mwaka 2016 kodi ilihamishwa kutoka halmashauri kwenda Mamlaka ya Mapato. Bajeti ya 2018/19 ikaweka kiwango kimoja cha 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Kisha ikaja mita. Kila hatua ilirahisisha ukusanyaji, na kila hatua iliiondoa thamani ya nyumba kwenye hesabu ya kodi ya nyumba.

Wazee waliosimuliwa na babu zao watakumbuka kwamba kodi ya namna hii si ngeni. Wajerumani walianza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1898. Walitaka rupia, na asiyekuwa nazo alitoa mazao au nguvu za mwili wake. Kibanda kilihesabiwa kama kibanda, bila kuulizwa nani analala ndani na anakula nini. Dola inayotaka fedha haraka huhesabu mapaa.

Kizazi cha Azimio la Arusha kilikuwa na jawabu lake juu ya nyumba na uongozi, na vijana wengi hamkulisoma kwa makini. Februari 1967 TANU iliweka miiko ya viongozi, na mmojawapo wa miiko hiyo ni kwamba kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Kwa nini nyumba? Kwa sababu anayeishi kwa pango ana maslahi ya mwenye pango, na anayetunga sheria ya kodi ya nyumba huku ana nyumba za kupangisha anajitungia mwenyewe. Aprili 1971 serikali ikatwaa majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, na maghorofa mengi ya katikati ya Mwanza yakaangukia kwa Msajili wa Majumba. Uamuzi ule uliumiza familia nyingi, hasa za Wahindi waliojenga mji huu, na sitauremba. Ila mwiko wa viongozi ulikuwa na akili ndani yake. Uliondolewa kwa Azimio la Zanzibar, Februari 1991. Tangu hapo kiongozi ni mwenye nyumba kama wenye nyumba wengine, na mahali pa mwiko tukaweka tamko: Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atamke rasilimali na madeni yake kila mwaka, mwisho Desemba 31.

Mwananchi anakatwa. Kiongozi anatamka. Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niombe kusema hapa leo.

Mwaka 2014 tuliona tamko lina uzito gani. Nataka kulikumbusha jambo la akaunti ya Tegeta Escrow kwa utulivu, kwa sababu linatuhusu sisi watu wa Kanda ya Ziwa kuliko tunavyopenda kukiri. Akaunti ile ilifunguliwa Benki Kuu mwaka 2006 kwa sababu ya mgogoro wa shirika la umeme, TANESCO, na kampuni ya kufua umeme ya IPTL. Mwishoni mwa 2013 zaidi ya shilingi bilioni 300 zilitolewa na kwenda kwa kampuni ya PAP iliyodai kuinunua IPTL. Mwenye asilimia 30 ya IPTL, kampuni ya VIP ya James Rugemalira, aliuza hisa zake kwa dola milioni 75, na Februari 2014 akagawa sehemu ya fedha zake kwa watu wengi kupitia Benki ya Mkombozi. Profesa Anna Tibaijuka, wakati huo mbunge wa Muleba Kusini na Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi, alipokea bilioni 1.6. Andrew Chenge wa Bariadi Magharibi, aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti ya Bunge, naye bilioni 1.6. William Ngeleja wa Sengerema, ng'ambo tu ya ghuba yetu, alipokea milioni 40.4.

Muleba, Bariadi, Sengerema. Hawa ni watu wetu, na wapo hapa ndani walioshangilia ushindi wao. Ni haki pia kusema kwamba hakuna mahakama iliyomtia hatiani yeyote kati ya hao watatu kwa fedha zile. Profesa Tibaijuka alieleza kuwa zilikuwa mchango kwa ajili ya shule, na mtu aliyeliongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa kwa miaka kumi anastahili kusikilizwa anapojieleza. Mimi nauliza swali la fundi wa kodi: fedha hizi tulizijuaje? Hatukuzijua kwa matamko yao. Tulizijua kwa sababu Mkaguzi Mkuu na TAKUKURU walichunguza, na Kamati ya Hesabu za Serikali chini ya Zitto Kabwe ikasoma taarifa yake bungeni Novemba 2014, ikitaja hadi benki iliyopitisha fedha. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu Desemba 16. Profesa Tibaijuka akaondolewa kazini tarehe 22 ya mwezi huohuo. Ngeleja alirudisha milioni 40.4 kupitia Mamlaka ya Mapato Julai 2017, zaidi ya miaka mitatu baada ya kuzipokea.

Miaka mitatu! Mpangaji wa Mabatini hapewi siku tatu.

Na ubishi mkubwa kuliko yote ulikuwa juu ya swali ambalo mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili angelijibu kabla ya kengele: fedha zile zilikuwa za umma au za IPTL, na kodi ya Serikali iliyokuwa ndani yake ni kiasi gani? Nchi nzima ilikaa wiki kadhaa ikibishana. Mtu mkubwa anapodaiwa, kwanza tunajadili kama anadaiwa.

Hazina ililipa gharama ya ubishi huo. Oktoba 2014 wahisani waliokuwa wakichangia bajeti moja kwa moja walizuia fedha zao. Katika dola milioni 558 walizoahidi kwa mwaka ule wa fedha, zilikuwa zimetoka milioni 69 tu. Bajeti ya 2014/15 ilikuwa ya shilingi trilioni 19.8, kwa hiyo pengo la karibu dola milioni 490 halikuwa la kuzibwa kwa kufunga mkanda ofisini. Linazibwa kwa kuchelewesha: mkandarasi halipwi, dawa hazifiki, deni la mwalimu linasukumwa mwaka unaofuata. Shilingi nayo ikateleza. Mwanzoni mwa 2015 dola ilikuwa chini ya 1,800; kabla ya mwaka kufika katikati ilikuwa imevuka 2,000. Kuteleza kule kulikuwa na sababu nyingine pia, kwa maana dola ilipanda dunia nzima. Lakini nchi iliyokosa dola za wahisani katika majira yaleyale iliumia zaidi, na anayenunua injini ya mtumbwi kwa ajili ya dagaa pale Mwaloni hakuhitaji profesa wa kumweleza.

Serikali yenye pengo huangalia ni wapi fedha inakatika kwa urahisi. Mwaka 2021, ugonjwa wa UVIKO-19 ukiwa umebana mapato, jawabu lilikuwa simu na mita: tozo ya miamala mwezi Julai, kodi ya jengo kwenye LUKU mwezi Agosti. Tozo ilipigiwa kelele hadi ikapunguzwa, ikapunguzwa tena, kisha ikafutwa kwa wanaotuma fedha. Mita ikabaki, na kiwango kikapanda.

Kuna mfano wa Uingereza ambao sitaukalia sana. Angela Rayner alikuwa naibu waziri mkuu na waziri wa nyumba. Mwaka 2025 alinunua nyumba mjini Hove kwa pauni 800,000, na ushuru wa stempu ukalipwa pungufu kwa takriban pauni 40,000, kwa sababu nyumba ile haikuhesabiwa kuwa ya pili. Mshauri wa maadili alikubali kwamba nia yake haikuwa mbaya, ila hakutafuta ushauri wa kitaalamu alioelekezwa kuutafuta. Septemba 5 akajiuzulu. Wiki ileile serikali yake ilikuwa ikikopa kwa riba ambayo dhamana zao za miaka 30 hazikuwa zimeifikia tangu 1998, na Novemba 26 bajeti ikaja na nyongeza za kodi, ikiwamo ya nyumba zenye thamani ya zaidi ya pauni milioni mbili kuanzia 2028. Wao pia wana aibu yao: kodi yao ya nyumba ya kila mwaka huko England bado inatumia thamani za mwaka 1991. Kinachonivutia ni kwamba msajili, wakili na ofisi ya kodi walikuwa na karatasi zinazoweza kulinganishwa, kwa hiyo mwandishi wa habari aliweza kuuliza, na swali likajibiwa ndani ya wiki mbili.

Kwetu mwandishi wa Mwanza akitaka kulinganisha nyumba za mbunge na kodi anayolipa, ataanzia wapi? Matamko ya viongozi yako kwenye makabrasha ya Sekretarieti ya Maadili, na kuyaona kuna masharti, na kuyatangaza kuna masharti zaidi. Hati ziko ofisi ya ardhi. Kodi iko kwenye mita, na mita inaweza kuwa kwa jina la mlinzi. Karatasi tatu ambazo hazijawahi kukaa kwenye meza moja.

Napendekeza mambo mawili, na najua la pili litawaudhi baadhi ya waliokaa mbele. Kodi ya majengo irudi kwa halmashauri na irudi kwenye thamani, angalau kwa madaraja: eneo, ukubwa, aina ya ujenzi. Urasimishaji wa makazi umepita kwenye vilima vyetu, na viwanja vingi vimepimwa na kupewa namba. Jiji lina pa kuanzia. Yanayokusanywa Mabatini yaonekane kwenye mifereji ya Mabatini, ili Mirongo ukifurika tujue wa kumuuliza. Na kila kiongozi anayeapa, kuanzia diwani, orodha ya nyumba zake na risiti za kodi zake zibandikwe ofisi ya kata anakokaa, karatasi ya wazi, mtu yeyote asome.

Haiwezekani nitake hayo kwa wengine nikafunika yangu. Nina nyumba moja hapa Mabatini, niliyoachiwa na mama, vyumba vinne, bati, mita moja. Wapangaji wangu watatu walikatwa kodi yangu kuanzia Agosti 2021 hadi nilipoanza kuandika mhadhara huu. Jumla yake nimeipiga, na nimewarudishia wiki iliyopita. Nina kiwanja kimoja Buhongwa, hakijajengwa. Nina deni la benki. Karatasi zote ziko kwenye meza ile karibu na mlango, pamoja na risiti, na nimemwomba mwenyekiti wa mtaa asizifunge mpaka kila anayetaka awe amezisoma.