Volkano Peke Yake Haikutosha: Kutoweka kwa Viumbe Mwishoni mwa Permia na Miamba ya Ruhuhu



Nimeombwa nizungumzie sababu na matokeo ya kutoweka kwa viumbe kwa halaiki katika historia ya dunia. Wataalamu huhesabu matukio makubwa matano: la mwisho wa Ordovisia, miaka milioni 445 hivi iliyopita, la Devonia, la mwisho wa Permia, miaka milioni 252, la mwisho wa Triasiki, milioni 201, na la mwisho wa Kretasia, milioni 66. Sitayapitia yote. Nimechagua la Permia kwa sababu ndilo lililoua zaidi, na kwa sababu miamba ya wakati ule tunayo hapa kwetu kusini mwa Tanzania, katika bonde la mto Ruhuhu, mashariki ya Ziwa Nyasa.

Kabla ya hapo kuna dhana moja inayoenea sana madarasani, kwamba dinosaria wa Tendaguru kule Lindi waliuawa na kimondo. Hawakuuawa nacho. Wale waliishi zama za Jurasiki, yapata miaka milioni 150 iliyopita, na kimondo kilichopiga Chicxulub, Mexico, kilianguka miaka milioni 66 iliyopita. Baina yao imepita miaka zaidi ya milioni 80. Spishi za Tendaguru zilitoweka jinsi spishi nyingi zitowekavyo, kila moja kwa wakati wake. Tunaposema halaiki tunamaanisha jambo jingine kabisa: jamii za viumbe zisizohusiana, za baharini na za nchi kavu, zinakatika pamoja, duniani kote, kwa muda ambao kijiolojia ni mfupi mno.

Mfupi kiasi gani? Jibu bora linatoka Meishan, katika jimbo la Zhejiang nchini China, kwenye machimbo ya zamani ya mawe ya chokaa. Matabaka ya ukuta ule yamepewa namba. Chini kuna chokaa iliyojaa mabaki ya viumbe wa bahari ya Permia. Ukifika tabaka la 25 unakuta udongo mweupe, majivu ya volkano yenye unene wa sentimita chache tu, na kuanzia hapo kwenda juu mabaki yanapungua ghafla. Ndani ya majivu mna chembe za madini ya zirkoni, zenye urani inayogeuka kuwa risasi kwa mwendo unaojulikana, na hizo ndizo saa yetu. Mwaka 2014 Seth Burgess na wenzake walichapisha vipimo vyao: maangamizi yalianza miaka 251,941,000 iliyopita na kwisha miaka 251,880,000 iliyopita. Ni kama miaka 60,000, na kipimo chenyewe kinaweza kupungua au kuzidi kwa miaka 48,000. Katika muda huo zaidi ya spishi nane kati ya kila kumi za baharini zilipotea. Trilobiti, waliokuwa wameishi baharini kwa miaka zaidi ya milioni 250, hawakuonekana tena. Matumbawe yote ya aina za kale yaliisha. Haya tunayoyaona leo Mafia na Pemba ni ya ukoo mwingine uliozuka baadaye.

Chanzo kinatajwa katika kila kitabu: volkano za Siberia, zilizomwaga lava ya kilomita za ujazo zinazohesabika kwa mamilioni. Maelezo mengi huishia hapo, na hapo ndipo nadhani tunawapunja wanafunzi. Nyanda za juu za Ethiopia nazo zimejengwa na lava nyingi ajabu, iliyomwagika miaka kama milioni 30 iliyopita, na viumbe havikutoweka kwa halaiki. Brazil na Namibia zina lava ya namna hiyo ya miaka kama milioni 134, nayo pia haikuleta balaa la kiwango hicho. Mwanafunzi akiandika kwamba volkano iliua, ana haki ya kuulizwa: mbona hizo nyingine hazikuua?

Siri iko chini ya ardhi ya Siberia. Lava ilianza kumwagika juu takriban miaka 300,000 kabla ya maangamizi, na viumbe vingi vikaendelea kuishi. Baadaye uji wa mwamba, badala ya kupanda moja kwa moja, ulipenya kwa ubavu katikati ya matabaka ya bonde la Tunguska na kutandaa humo. Matabaka hayo yalikuwa na makaa ya mawe, mafuta, chumvi na chokaa. Yakaokwa. Gesi zilizotokana nayo, hewa ukaa, methani na misombo ya klorini, zikapasua ardhi na kutoka. Mabomba ya mawe yaliyovunjikavunjika ambamo zilipitia bado yapo, kwa mamia. Umri wa mwamba ule uliopenya unalingana na wakati viumbe walipokufa. Moto wa volkano ulikuwa kiberiti, na kilichoijaza anga sumu ni kile kilichowashwa, kikiwemo kaboni iliyokuwa imelala ardhini muda mrefu.

Sasa tufuate mnyororo, maana hata hewa ukaa haikumuua kiumbe wa baharini moja kwa moja. Joto lilipanda, na bahari za tropiki zikapata nyuzi kama kumi zaidi. Maji ya moto hayashiki gesi nyingi. Soda iliyoachwa juani hukosa ukali kwa sababu hiyohiyo. Oksijeni ikapungua baharini, na wakati huohuo mwili wa mnyama uliopashwa joto ukadai oksijeni nyingi zaidi. Juu ya hayo, hewa ukaa iliyoyeyuka iliongeza tindikali majini, na kujenga gamba la chokaa kukawa kazi nzito. Ukitazama nani alikufa unauona mnyororo huu waziwazi. Matumbawe na brakiopoda, wenye magamba mazito na upumuaji hafifu, waliangamia. Konokono, kome na samaki, wenye matamvua na mzunguko wa damu unaojimudu, walipoteza pia, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Bahati haichagui kwa mpangilio wa namna hiyo.

Nchi kavu ushahidi mzuri uko Karoo, Afrika Kusini. Huko mito iliyokuwa ikipindapinda polepole iligeuka kuwa vijito vingi vya kina kifupi, vilivyosheheni mchanga. Mimea iliyoshika kingo kwa mizizi yake ilikuwa imekufa. Glossopteris, mti uliotawala mabara ya kusini na kutengeneza sehemu kubwa ya makaa yetu ya mawe, ulikwisha.

Na Ruhuhu? Katika matabaka ya Usili, ya mwishoni mwa Permia, hupatikana mafuvu ya disinodonti, wanyama wala majani. Fuvu la mmoja ukilishika ni zito kuliko unavyotarajia, kwa sababu jiwe limeingia kila uwazi. Mdomo ni wa kobe, na kwa wengi meno pekee ni chonge mbili zinazoshuka mbele. Gorgonopsia, wawindaji wenye meno kama visu, waliishi nao bonde lilelile. Ukipanda juu kwenye matabaka ya Manda, ya Triasiki ya kati, gorgonopsia hawapo kabisa. Wapo wengine: Teleocrater, ambaye Francis Rex Parrington wa Cambridge aliokota mifupa yake mwaka 1933 lakini mnyama huyo akapewa jina rasmi mwaka 2017, na Asilisaurus kongwe, ndugu wa karibu wa dinosaria, aliyetangazwa mwaka 2010. Miaka ya mwanzo ya Triasiki haina kurasa katika kitabu hiki cha Ruhuhu, kwa hiyo Karoo inabidi isomwe sambamba nacho.

Hapo katikati, Karoo inaonyesha dunia ya mnyama mmoja: Lystrosaurus, disinodonti wa kimo cha nguruwe, amejaa kila mahali. Makaa ya mawe hayakujengeka popote duniani kwa takriban miaka milioni kumi, maana misitu ya kinamasi haikuwepo. Mwaka 2013 Christian Sidor na wenzake walilinganisha visukuku vya Tanzania, Zambia, Malawi, Afrika Kusini na Antaktika. Kabla ya maangamizi, asilimia 35 ya spishi za wanyama wa miguu minne zilipatikana katika maeneo mawili au zaidi. Miaka milioni kumi baadaye zilikuwa asilimia 7. Mtandao mmoja mpana wa maisha ulikuwa umekatika vipande, kila bonde na wanyama wake. Kwangu hili ndilo tokeo zito kuliko idadi ya waliokufa, kwa sababu idadi ya spishi inaweza kurudi ilhali jamii ya viumbe iliyokuwepo hairudi. Katika mapengo hayo ndimo dinosaria walimopata nafasi, na wachache walionusurika wa jamii nyingine, sinodonti, wakaendelea hadi kuzaa mamalia, sisi tukiwemo.

Swali la halaiki ya sita litaulizwa tu darasani. Hatujafika huko: spishi zinazojulikana kutoweka katika karne za karibuni hazikaribii robo tatu ya spishi zote, kiwango ambacho matano yale yalifikia. Lakini wanadamu hutoa takriban tani bilioni 37 za hewa ukaa kila mwaka kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi, na kasi hiyo inazidi makadirio mengi ya Siberia. Makaa ya Ngaka na Mchuchuma yanatoka katika miamba ya Permia ileile. Mwanafunzi wa Mbinga au Ludewa ayajue yote mawili, ajira inayotoka humo na kemia yake, na tusimfiche lolote.

Napendekeza basi maswali yetu ya mtihani yaache kuuliza "taja sababu" na yamtake mwanafunzi aeleze mnyororo, kutoka mwamba hadi pumzi ya mnyama. Napendekeza pia Ruhuhu ifundishwe pamoja na Tendaguru. Visukuku vya Ruhuhu vimo katika hifadhi ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Tuombe kwa pamoja nakala za plasta za fuvu la disinodonti kwa shule za Ruvuma na Njombe, na barua ya ombi tuiandike kabla hatujatawanyika leo jioni.