Tairi la Gari kwenye Pikipiki: Uimara si Usalama



Huko Marekani na Kanada wako waendesha pikipiki, wengi wao wakiwa na Honda Gold Wing, ambao hufunga tairi la gari dogo kwenye gurudumu la nyuma. Wenyewe hujiita watu wa upande wa giza, kwa utani wa wanaojua kwamba watengenezaji wa matairi wanawakataza. Swali langu leo ni hili: je, wako salama?

1. Hoja yao

Tuwatendee haki kwanza. Gold Wing ya toleo la GL1800, iliyotoka mwaka 2001, ina uzito wa takriban kilo 400 kabla hajapanda mtu. Ubavuni mwa tairi lake la nyuma pameandikwa 180/60R16 M/C 74H. Namba 180 ni upana kwa milimita. 60 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. R ni muundo wa ndani wa tairi. 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. M/C ni alama ya pikipiki. Namba 74 maana yake linabeba hadi kilo 375, na H ni mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa.

Tairi la gari linalopendwa badala yake ni 195/55R16, na mara nyingi lina alama ya mzigo 87, yaani kilo 545. Basi linabeba zaidi. Mpira wake ni mgumu, kwa hiyo kashata haziliki upesi. Lipo pia la aina ambayo ubavu wake unahimili uzito kwa masafa fulani hata upepo ukiisha wote. Kwa msafiri wa masafa marefu aliyebeba abiria na mizigo, hizo si hoja za kupuuza. Ila zote zinahusu tairi lililosimama wima.

2. Pikipiki inavyokata kona

Gari hukata kona likiwa limesimama. Pikipiki hukata kona ikiwa imelala. Chukua kona yenye nusukipenyo cha mita 50. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, pikipiki hulala kwa nyuzi 14 hivi. Ongeza mwendo hadi 60, ulalo hukaribia nyuzi 30. Mwendo umeongezeka kwa nusu, ulalo umezidi maradufu.

Ndiyo sababu tairi la pikipiki ni la mviringo kutoka bega hadi bega: kila pikipiki ikilala, hupata sehemu nyingine ya kashata ya kukanyagia. Zaidi ya hapo, umbo hilo lenyewe husaidia kugeuka. Laza bilauri iliyo pana juu na nyembamba chini mezani, kisha uisukume: haiendi moja kwa moja, huzunguka. Tairi la mviringo likilazwa hufanya hivyohivyo, na nguvu hiyo huivuta pikipiki kuelekea ndani ya kona.

Tairi la gari lina uso bapa na mabega yenye pembe. Likilazwa, uzito huhamia begani na ubavu hupindwa kwa namna ambayo mhandisi wake hakuikusudia. Kwa kuwa sehemu inayogusa lami imekwenda pembeni ghafla, hutokea nguvu inayotaka kuisimamisha tena pikipiki. Dereva hulazimika kuendelea kusukuma usukani kona nzima. Akikanyaga mfereji wa magurudumu ya malori, tairi hufuata mteremko wa lami kuliko matakwa ya dereva.

Wapo wanaosema upana huleta mshiko. Lakini eneo linalogusa lami hutegemea zaidi uzito na upepo kuliko upana. Tairi pana hubadilisha hasa umbo la eneo hilo.

3. Rimu na mdomo wa tairi

Rimu ya pikipiki na ya gari zinaweza kuandikwa inchi 16 zote mbili, lakini kingo zake na mahali mdomo wa tairi unapokaa havikuchongwa kwa kipimo kimoja. Ndiyo maana fundi mwingine hulazimika kujaza upepo kupita kiasi ili mdomo ukae, na tairi likipasuka wakati huo humjeruhi yeye kwanza. Sheria nazo zimetenganisha: Marekani hupima matairi ya pikipiki kwa kiwango namba 119 na ya magari madogo kwa namba 139, kanuni za Umoja wa Mataifa ni namba 75 na namba 30. Hakuna anayelipima tairi la gari likiwa limelazwa nyuzi 30.

4. "Mbona hatuanguki?"

Hilo ndilo jibu lao kuu, na ni kweli wengi wamesafiri mbali bila ajali. Lakini safari ndefu katika barabara iliyonyooka huthibitisha uimara. Usalama hupimwa mtoto anapokatiza ghafla, lami ikiwa imelowa, na dereva hana muda wa kupambana na usukani. Tena aliyeanguka si rahisi kurudi kutoa ushuhuda.

5. Kwetu

Bodaboda zetu nyingi zina rimu nyembamba za inchi 17 au 18, kwa hiyo tairi la gari haliingii. Bajaji hailali kwenye kona, basi tairi bapa halina ubaya kwake. Lakini fikra ya "mradi linaingia" tunayo. Dereva, kabla hujalipa, soma ubavu wa tairi: kipimo, alama ya mzigo, na tarakimu nne za tarehe, 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usichukue la nyuma ukalifunga mbele kwa kuwa ni jipya, wala usipakie abiria juu ya kipara.

Hukumu yangu ni hii: tairi la gari kwenye pikipiki hudumu, lakini halikutengenezwa kwa kazi hiyo, na anayelifunga amejifanya yeye mwenyewe kuwa maabara. Fungeni tairi lililotengenezwa kwa chombo chenu.