Akiba ya Ekidna



Jioni hii nimekuja na mnyama asiyepatikana katika pori lolote la Afrika. Ukimwona kwa mbali, miiba yake itakufanya umwite nungunungu. Ukimkuta akifukua kichuguu na kulamba mchwa, utasema ni muhanga. Hana udugu wa karibu na yeyote kati yao. Huyu ni ekidna, mwenyeji wa Australia na New Guinea, na jamaa yake wa karibu aliye hai ni platipasi. Hao ndio mamalia pekee duniani watagao mayai.

Wanasayansi wa Ulaya walitatizwa naye kwa karibu karne nzima. Mwaka 1792 Mwingereza George Shaw alimweka katika kundi moja na walamchwa wa Amerika ya Kusini. Ubishi kuhusu uzazi wake ulikatwa mwaka 1884. Huko Adelaide, Australia, mwanazoolojia Wilhelm Haacke alipapasa mfuko wa tumbo la ekidna jike akatoa yai. Kwa mshangao akalibana, likapasuka vidoleni. Mwaka huohuo William Caldwell, aliyekusanyiwa wanyama na wenyeji wa asili wa Queensland, alipeleka simu ya maandishi iliyosomwa katika mkutano wa wanasayansi huko Montreal: wanyama hawa wanataga.

Tangu hapo wengi wamemhesabu kuwa masalia ya zama zilizopita, mnyama ambaye hakukamilika. Mimi nakataa. Nasema ekidna ni bingwa wa kubana matumizi, na ubahili huo ndio uliomfikisha hapa.

Tuanze na chakula. Hana jino hata moja. Ulimi wake wenye kunata hutoka hadi sentimita 18, ukarudi na mchwa na sisimizi pamoja na udongo wao. Mlo huo una nguvu kidogo, naye hujipanga kulingana na pato. Joto la mwili wake akiwa katika shughuli ni kama nyuzi 32, letu ni 37. Majira ya baridi hulala usingizi mzito, na katika milima yenye theluji joto hilo hushuka hadi kukaribia nyuzi 5. Hata msitu ukiungua, akisalimika hujificha, hupunguza mizunguko na joto la mwili, akangoja wadudu warudi.

Malezi nayo ni hivyohivyo. Jike hutaga yai moja tu mfukoni mwake. Baada ya siku 10 hivi hutoka kitoto kisichofika gramu 1, kipofu, hakina unyoya. Mama hana chuchu. Maziwa huchuruzika kupitia ngozi, nacho hukinga mdomo hapo. Miiba ikianza kuchomoza, mama humhamishia shimoni. Huko Kangaroo Island hurudi kila baada ya siku 5 hivi, akamnyonyesha kwa kirefu, akafukia mlango na kwenda zake kutafuta riziki. Wahenga walisema akiba haiozi. Kitoto hiki kinaishi kwa akiba ya tumboni.

Mahali pamoja tu ubahili humtoka: wakati wa kujamiiana. Madume hata 10 humwandama jike mmoja kwa mstari, pua kwa mkia, siku baada ya siku.

Lakini hakuna ubahili unaomkinga mnyama na shoka na bunduki. Kuna spishi 4 za ekidna. Iliyopewa jina la mtangazaji David Attenborough ilijulikana kwa sampuli moja tu, ya mwaka 1961, mpaka kamera zilizotegwa katika Milima ya Cyclops, Indonesia, zilipoinasa ikiwa hai mwaka 2023. Iko katika hatari kubwa ya kutoweka.

Vijana wangu wa baiolojia, msiharakishe kumwita mnyama duni kwa sababu hakuenea katika makundi yetu. Makundi tumeyatunga sisi, na ekidna alikuwa anataga mayai yake kabla yetu.