Uso Ulioshika Tama: Hoja ya Kuomba Emoji Mpya

Naleta mbele yenu ombi moja: tuandae kwa pamoja pendekezo la emoji ya uso ulioshika tama, kisha tulipeleke Unicode Consortium, taasisi ya Marekani inayoamua emoji zipi ziingie katika simu za dunia nzima. Nasema uso ulioegemea kiganja, kiganja chote shavuni, macho yakitazama mbali bila kuona kitu. Sote tunaufahamu. Ni uso wa mama aliyekaa kwenye benchi la hospitali akingoja daktari atoke. Ni wa mkulima ambaye masika yanamwishia na shamba bado kavu. Ni wa kijana aliyepeleka maombi ya kazi kila mahali na hajajibiwa hata na mmoja. Hawalii hawa. Kilio ama kimekwisha, ama wakati wake haujafika. Wamekabiliwa na jambo lililowazidi, nao wanaliwaza tu, kwa sababu hawana la kulifanya.

Hali hiyo haina emoji. Mwaka 1999 Shigetaka Kurita alipoibunia kampuni ya simu ya NTT DoCoMo ya Japani emoji 176, kila moja ikiwa na nukta 12 kwa 12, nyuso zilikuwa chache. Leo emoji zimepita 3,700 na nyuso ni nyingi, lakini hebu fungueni simu mtafute wa kumtumia mtu aliyeandika kwenye kundi la ukoo, “Baba bado yuko chumba cha wagonjwa mahututi.” Uso unaolia kwa sauti, vijana wameshaugeuza kuwa wa kicheko; shangazi akiutuma kwa uchungu, mpwa wake anaweza kushtuka. Viganja vilivyokutana ni vya dua, na pia ni vya shukrani. Moyo uliovunjika umezama katika mapenzi. Uso ulioinamisha macho unaelekea kwenye majuto, kana kwamba mtumaji ana kosa. Ule wa kufikiri, ulioingia mwaka 2015, umeshika kidevu kwa vidole na kuinua unyusi mmoja: anayefikiri hivyo ana shaka, na anatafuta jibu. Aliyeshika tama hatafuti jibu.

Ndiyo maana wengi wetu hatutumi kitu. Au tunatuma uso wa machozi kwa jambo ambalo halijawa la machozi, na hapo tumemtangulizia mwenzetu msiba. Katika jamii inayojua kupima maneno ya kumfariji mtu, hilo si dogo. Mtoto wa pwani anayekaa na mkono shavuni huambiwa autoe mara moja, kwa kuwa huo ni mkao wa wafiwa na ni mkosi kuuleta nyumbani bila sababu. Mkao unaokatazwa hivyo umebeba maana kamili, na kila mtu anaisoma.

Kuna atakayesema kwamba hilo ni letu peke yetu, na Unicode hukataa mambo finyu. Sikubaliani naye. Katika mchoro wa Albrecht Dürer wa mwaka 1514, uitwao Melencolia I, kiumbe mwenye mabawa amekaa na shavu juu ya ngumi, vyombo vya kazi vimetapakaa miguuni pake na hana hamu ya kuvigusa. Mwaka 1890 Vincent van Gogh alimchora daktari wake, Paul Gachet, kichwa kimeelemea mkono na uso umejaa huzuni. Korea imehifadhi sanamu za kale za Kibuddha za mtu aliyekaa mguu mmoja juu ya goti, vidole vikigusa shavu, katika tafakuri. Huyo wa Korea ni mtulivu kuliko mama wa benchi la hospitali, nakiri. Lakini uzito wa kichwa kilichotafuta pa kuegemea ni ule ule. Sisi tunaleta ombi kwa sababu kwetu mkao huu ungali hai katika mazungumzo ya kila siku. Atakayeutumia ni yeyote duniani.

Njia hii imekwisha kupitwa na wengine. Mwaka 2016 Rayouf Alhumedhi, msichana wa Kisaudi wa miaka 15 aliyekuwa akiishi Berlin, alipeleka pendekezo la mwanamke aliyevaa hijabu, na mwaka uliofuata emoji hiyo ikatoka. Uso unaoyeyuka uliobuniwa na Jennifer Daniel na Neil Cohn mwaka 2019 ulikubaliwa mwaka 2021, nao unaeleza aibu na kulemewa kwa namna ambayo hakuna uso wa awali ulioweza. Kwa hiyo hisia nyembamba hazikataliwi. Zinadaiwa ushahidi.

Na ushahidi ndio mlima wetu. Mwombaji hutakiwa kuonyesha kwamba kitu chake kinatafutwa na kutajwa sana, akitumia takwimu kama za Google Trends na za maneno ya vitabuni za Google Books, akizilinganisha na emoji ya wastani. Iliyotumika kuwa kipimo ni tembo. Takwimu hizo za vitabu zina Kiingereza, Kifaransa, Kirusi, Kiebrania na lugha nyingine chache. Kiswahili hakimo. Lugha yenye mamilioni ya wasemaji, ambayo sehemu kubwa ya maisha yake iko katika sauti na katika makundi ya simu yasiyosomwa na mashine yoyote ya utafutaji, inaingia kwenye mizani ikiwa nyepesi kuliko ilivyo. Naona hilo ni dhuluma, hata kama hakuna aliyeikusudia, na tuliandike wazi ndani ya pendekezo. Lakini tusiegemee malalamiko. Tutafute mkao wenyewe, mkono na shavu, kwa lugha zote tunazoziweza, na katika picha na video, si jina lake la Kiswahili peke yake.

Sasa mchoro, ambao unanitia wasiwasi kuliko takwimu. Pendekezo hudai picha mbili, ya nukta 72 kwa 72 na ya 18 kwa 18. Katika nukta 18, mkono shavuni unaweza kusomwa kuwa maumivu ya jino, au usingizi, au uchovu wa mtu aliyechoshwa na mkutano. Jino tutaliepuka kwa kutoweka uvimbe wala kukunja mdomo. Usingizi tutauepuka kwa kuyaacha macho wazi. La kuchoshwa ni gumu zaidi. Ncha za ndani za nyusi zipande juu, kama afanyavyo mwenye majonzi. Mdomo uwe mstari mnyoofu, usipinde chini, kwani ukipinda tu umekuwa uso wa huzuni tulionao tayari. Kichwa kiinamie upande wa mkono ili uzito uonekane. Na kiganja kiwe kizima, kimefunika shavu. Kikishuka kidevuni tumerudi kwenye uso wa kufikiri na pendekezo litakataliwa kwa kufanana na kilichopo.

Tuwe waangalifu pia kwa sababu emoji ikishaingia katika kiwango cha Unicode haiondolewi. Tukikosea mdomo, jina au maelezo, tumeikosea kwa vizazi.

Mapendekezo hupokelewa kwa miezi michache tu ya mwaka. Kabla hatujaondoka leo, naomba wachoraji wakae meza moja, kila mmoja achore uso huu katika nukta 18, kisha michoro hiyo ipelekwe bila maelezo kwa watu wasiokuwa kwenye semina hii, wakiwemo wasiojua Kiswahili, waulizwe jambo moja: mtu huyu ana nini? Majibu yao yaandikwe yalivyo. Mchoro ambao wengi watausoma kuwa wa mtu aliyelemewa na jambo ambalo hana la kulifanyia, huo ndio tuupeleke.