Kuinua Gari kwa Jeki Nyumbani: Usalama Utangulie



Katika magari mengi madogo, matairi ya mbele huisha upesi kuliko ya nyuma. Ndiyo maana hubadilishwa nafasi kila baada ya kilometa 10,000 hivi. Kazi hiyo yaweza kufanyika nyumbani, ila ikumbukwe kwamba jeki imetengenezwa kuinua gari, si kulishikilia.

Udongo mweusi wa mbuga hulainika kwa mvua, na jeki huzama. Mwenye gari atafute mahali pakavu na tambarare, aweke ubao mnene chini ya jeki, avute breki ya mkono, azuie kwa mawe magurudumu yanayobaki chini, na alegeze nati kidogo kabla ya kuinua. Gari likishapanda, liegemezwe juu ya stendi za chuma. Matofali hupasuka ghafla. Mtu asiingie chini yake, na watoto wakae mbali.

Tairi la akiba lishike nafasi kwa muda, ili pembe moja tu iinuliwe kwa wakati mmoja. Nati zikazwe kwa kukingamana, kisha zikaguliwe tena baada ya kilometa 80 hivi.

Asiye na stendi ampelekee fundi. Ujira wa fundi hulipika. Mguu uliopondwa haulipiki.